Ngoja Saa Nne: Wito kwa Mwenye Gari Jipya la Umeme

Hongera kwa gari. Najua limetoka mbali. Pengine lilipakiwa melini Japani, likateremshwa Kilindini, likaja bara juu ya lori, na sasa limetulia kwako Ruaka au Kitengela, kimya kama paka aliyeshiba. Umeshapita mbele ya vituo vya mafuta bila hata kugeuza shingo. Watoto wamepiga picha. Wiki hii ni tamu na sina nia ya kuitia shubiri.

Lakini jioni ya leo utafanya lile ambalo wengi wetu tulilifanya. Utafika nyumbani saa moja, utautoa waya kwenye buti, utauchomeka kwenye soketi iliyo karibu na dirisha, kisha utaingia ndani kula. Hapo ndipo ninapokuomba unisikilize kidogo, kwa ajili yako na kwa ajili ya wote mnaotumia transfoma moja.

Soketi yangu ya kwanza iliungua siku ya tisa. Haikulipuka wala haikutoa moshi. Ilitoa harufu tu, ile harufu ya samaki ambayo plastiki ya soketi hutoa ikianza kuiva, na nyumbani tukadhani ni jirani anakaanga omena. Asubuhi nikakuta plagi imeshikana na soketi, rangi imekuwa kahawia kama andazi, na haikutoka mpaka fundi alipokuja na bisibisi.

Gari langu ni Nissan Leaf iliyotumika, kama zilivyo nyingi hapa Nairobi. Waya uliokuja nalo ulitengenezwa kwa nyumba za Japani. Usome mgongoni: volti 200, ampea 15. Plagi yake haiingii kwenye soketi zetu, kwa hiyo aliyeniuzia, kwa nia njema kabisa, aliikata akafunga plagi yetu ya miguu mitatu. Plagi hiyo uwezo wake ni ampea 13. Gari likawa linavuta 15, saa baada ya saa.

Nilimwuliza fundi mbona fyuzi haikukatika. Akacheka. Fyuzi ya ampea 13 haikatiki kwa ampea 15. Inaweza kuvumilia usiku kucha huku plagi na soketi vikipikika. Kazi yake ni kukata umeme pale kunapotokea kasoro kubwa. Joto la polepole hailioni, na joto la polepole ndilo hasa linaloletwa na gari.

Fikiria shawa ya maji moto, ile ya papo kwa papo tuliyo nayo katika nyumba nyingi. Sote tunajua jinsi inavyokula stima, na ni nani hajawahi kuona waya wake umeungua juu ya bomba? Shawa hiyo unaiwasha dakika kumi. Pasi utaitumia nusu saa, birika dakika nne. Hakuna kitu nyumbani mwako kinachovuta umeme mwingi kwa saa nyingi mfululizo kama gari, na mafundi waliotandaza nyaya zako miaka kumi iliyopita hawakuliwaza hata kidogo.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza: kabla hujauzoea uchomekaji wa kila jioni, mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati nchini. Mwombe akuonyeshe kadi yake. Huko si kukosa adabu, na fundi wa kweli hukasirika ukiacha kuuliza. Mwambie unataka waya wake wenyewe wa gari, kutoka kwenye boksi la fyuzi hadi unapoegesha, usiogawana na friji wala pasi. Ukitaka chaja ya ukutani ya ampea 32, waya uwe na unene wa milimita za mraba 6 au zaidi kadiri ya umbali, uwe na breka yake, na uwe na kile kifaa kinachokata umeme pindi unapovuja. Kifaa hicho kiwe cha aina inayofaa magari ya umeme, maana cha kawaida kinaweza kupofushwa na umeme wa aina ya betri unaovuja kutoka kwenye gari, kikabaki pale ukutani kama askari aliyelala.

Halafu kuna suala la waya wa ardhini, ule wa kijani na manjano. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimeona mambo.

Waya wa kuchajia una akili kuliko tunavyodhani. Kabla ya kuruhusu umeme upite, hupima kama kuna waya wa ardhini. Ukikosekana, taa nyekundu huwaka na gari hukataa chaji. Na nyumba nyingi za zamani, pamoja na mpya zisizo chache, zina tundu la tatu la soketi ambalo haliendi popote. Liko pale kwa ajili ya sura. Sasa kuna mafundi wanaoijua dawa ya taa nyekundu. Wanafungua soketi, wanaunganisha waya wa nyutro na tundu la ardhi kwa kipande kifupi cha waya, taa inakuwa kijani, wanalipwa, wanakwenda. Siku nyutro itakapokatika nje, bati la gari lako litakuwa na umeme. Na gari huoshwa na nani? Mara nyingi na kijana wa mtaani, pekupeku, ndoo mkononi. Ukiona fundi anafanya hivyo, mlipe nauli yake aondoke. Dawa halali ni fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini ikapimwa kwa kipimo, na bei yake haikaribii bei ya tairi zako.

Ukisubiri fundi, unaweza kuendelea na soketi ya kawaida kwa uangalifu. Kama waya wako una kitufe cha kupunguza ampea, weka 10 au hata 8. Kama hauna, na mgongoni umeandikwa 15, usiutumie kwenye plagi ya 13 hata kwa usiku mmoja. Baada ya nusu saa, shika plagi. Ikiwa vuguvugu, sawa. Ikiwa huwezi kuikamata na kutulia, zima. Ekstensheni ya kwenye kibiringo usiitumie. Na kama dharura imekulazimu, ikunjue yote, maana iliyozungushwa hujipika yenyewe kwa yenyewe. Mvua isikutishe sana upande wa gari, kwa kuwa umeme haupiti mpaka kichwa cha waya kikae sawasawa na gari likubali. Hatari iko upande wa pili, pale ulipounganisha plagi na ekstensheni juu ya nyasi.

Wengi hudhani ampea 10 ni kidogo mno. Tupige hesabu. Ampea 10 kwa volti 240 ni kilowati 2.4. Gari dogo kama langu huenda kilomita 6 hivi kwa uniti moja, yaani kilowati moja kwa saa nzima. Mwenda kazini wa kilomita 40 kwa siku anahitaji uniti 7, tuseme 8 tukihesabu zinazopotelea njiani. Hizo zinaingia kwa muda wa saa tatu na dakika ishirini. Ukianza saa nne usiku, saa saba na nusu gari limeshamaliza nawe uko usingizini. Si lazima betri ijae kila siku. Kwa safari za kawaida asilimia 80 inatosha, na betri itakushukuru kwa kuishi zaidi. Leaf kama hii yangu hasa haina maji ya kuipoza betri yake, kwa hiyo ndugu zetu wa Mombasa waliangalie hilo zaidi kuliko sisi wa kwenye baridi: msilitoe gari kwenye jua kali na kulichomeka papo hapo.

Basi kwa nini saa nne?

Huku kwetu watu huwasha kila kitu kati ya saa moja na saa tatu usiku. Ugali uko jikoni, shawa zinachemka, televisheni zinasoma habari, pasi ziko kwenye sare za shule. Ndiyo saa ambayo taa hufifia katika mitaa mingi. Transfoma iliyo juu ya nguzo yenu ilipangwa kwa maisha hayo. Chukua mfano wa transfoma ya kVA 100, ambayo hubeba chini kidogo ya kilowati 100 kwa nyumba zote zilizo chini yake. Chaja moja ya ukutani huvuta kilowati 7. Majirani kumi wenye chaja hizo wakifika pamoja na kuchomeka pamoja, kilowati 70 zimekwenda kwa magari kumi, kabla hata sufuria moja haijawekwa jikoni. Transfoma ikiungua, giza haliulizi nani ana gari na nani hana. Mama anayeuza samaki waliogandishwa atapoteza mtaji. Mwenye kinyozi atafunga. Na ninyi wenye magari mtakwenda kazini kwa matatu.

Sitakudanganya kwamba utaokoa pesa. Kwa mita ya kawaida ya nyumbani, uniti ya saa mbili usiku na ya saa tisa usiku bei yake ni moja. Ipo bei maalumu ya usafiri wa umeme, ambayo EPRA iliianzisha mwaka 2023; ilipoanza ilikuwa shilingi 16 kwa uniti saa za kawaida na shilingi 8 saa za matumizi madogo, kabla ya kodi na ada nyingine. Lakini hiyo inadai mita yake mbali na ya nyumba. Inafaa kuiulizia Kenya Power, hasa mkiwa wenye magari kadhaa katika ua mmoja. Kwa wengine wetu, kungoja saa nne ni heshima kwa jirani tu, na ndiyo maana naiomba badala ya kuiuza.

Kuna faida nyingine isiyoingia mfukoni. Usiku ule tunapolala, mvuke wa jotoardhi wa Olkaria unaendelea kupanda na mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, yenye uwezo wa megawati 310, inaendelea kuzunguka. Umeme upo, watumiaji ndio hawapo. Gari lako likila saa hizo, linakula chakula ambacho kingemwagwa.

Huhitaji kukesha. Gari lenyewe lina kipima muda. Tatizo ni kwamba magari mengi yaliyotoka Japani yanazungumza Kijapani, na nimekutana na watu waliokaa nayo mwaka mzima wakiogopa kugusa skrini. Elekeza kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri, tafuta sehemu ya saa ya kuanza chaji, weka saa nne, basi. Ni kazi ya mara moja. Na kabla ya kulala angalia tokeni za stima zilizobaki. Niliwahi kuamka na nyumba giza na gari nusu, kwa sababu tokeni ziliisha usiku na sikuwa nimezoea hesabu mpya. Uniti 8 kwa siku ni karibu 240 kwa mwezi. Kama nyumba yako ilikuwa chini ya uniti 100, wastani wa miezi mitatu utakupeleka kwenye daraja la juu la bei, na hapo hata balbu ya jikoni utailipia zaidi. Ingiza hilo katika bajeti mapema ili lisizue ugomvi nyumbani.

Wanaokaa kwenye gorofa wana safari ndefu zaidi. Usiteremshe waya kutoka dirisha la ghorofa ya tatu, na usichomeke kwenye soketi ya taa za ngazi inayolipwa na wote. Nenda kwa mwenye nyumba na pendekezo: mita ndogo ya pembeni, fundi mwenye leseni, gharama juu yako. Nanyi wenye nyumba, mnaojenga sasa hivi, wekeni bomba tupu la waya kutoka chumba cha mita hadi maegesho kabla hamjamwaga zege. Bomba tupu ni rahisi kuliko kuchimba sakafu miaka mitano baadaye.

Na wewe wa bodaboda ya umeme unayepandisha betri chumbani: najua huwezi kuiacha nje, wezi wapo. Ila usiichaji kando ya kitanda wala kwenye njia ya mlango. Iweke juu ya saruji, mbali na godoro na mapazia, tumia chaja iliyokuja nayo, na ianze ukiwa macho. Betri iliyoanguka au kuvimba ipeleke ilikotoka.

Bado tuko wachache. Nyumba moja ikiungua kwa sababu ya gari la umeme, mwenye ploti wa mtaa wa pili atabandika tangazo la kuyapiga marufuku, na hatutakuwa na la kumwambia. Leo jioni, ukifika, acha waya kwenye buti. Kula kwanza. Kama unamjua jirani mwenye gari kama lako, mpigie hodi umwulize anachaji saa ngapi, mpangane zamu: mmoja saa nne, mwingine saa nane. Na kesho mpigie fundi simu.