Popo wa Pangoni na Membe wa Kisiwani



Mama mmoja alitujia na swali: je, popo ni ndege? Wanawe walikuwa wakibishana uani chini ya mkungu, mawe mikononi.

Tulimjibu kwa kuwalinganisha wawili: popo wa matunda akaaye mapangoni mwa pwani yetu, na membe mwenye kifua cha rangi ya waridi, atagaye visiwani Kisite na Kiunga. Wote huruka, ila bawa la popo ni ngozi iliyowambwa baina ya vidole virefu. La membe ni manyoya. Membe hutaga yai moja au mawili, na mume na mke hupokezana kuatamia kwa zaidi ya wiki tatu. Popo huchukua mimba kiasi cha miezi minne, akazaa mwana mmoja, akamnyonyesha, na wiki za mwanzo huruka naye usiku kamng'ang'ania kifuani. Aliyewahi kuteka maji na mtoto mgongoni ataelewa.

Membe hutafuta riziki mchana, akiwavizia samaki wadogo wanaosukumwa juu na jodari. Popo hutoka baada ya Magharibi, akializa ulimi na kusikiliza mwangwi ili asigonge ukuta wa pango. Hunywa asali ya ua la mbuyu, lifungukalo usiku, na kulichavusha. Ubuyu tuwanunuliao watoto una mkono wake. Surat al-Mulk, aya ya 19, inatuita tuwatazame warukao juu yetu.

Kuwatazama, si kuwashika. Membe akifukuzwa kiotani na waokota mayai, jua huyaharibu yaliyosalia. Na popo huyu wa pangoni hubeba virusi vya Marburg: mwaka 1980, na tena 1987, wageni waliozuru pango la Kitum, Mlima Elgon, waliugua homa hiyo wakafariki. Basi watoto wasiingie mapangoni, wala wasile kungu au embe lililong'atwa. Mawe nayo yaachwe, kwani popo aliyejeruhiwa huanguka, na wa kumwokota ni mtoto.

Yule mama ametuarifu kuwa mkungu wake ungali na popo. Kila alfajiri, baada ya Sala, hufagia kungu zilizotafunwa kabla watoto hawajaamka.