Chama cha Wafanyakazi Kisiwe Mkia wa Chama cha Siasa



Mgeni aingiaye Tunduma huiona foleni ya malori kabla ya kuuona mji. Madereva na utingo hulala chini ya magari yao, mama lishe huwapitia na masufuria, na wabeba mizigo husubiri kuitwa. Reli ya TAZARA nayo hupita papa hapa kabla ya kuvuka kuingia Zambia. Mji wetu unaishi kwa jasho la watu wa mshahara na vibarua wa kutwa. Kwa hiyo yafaa tuulize bila kuzunguka: nani anawasemea watu hawa?

Siku moja baada ya misa alinijia mfanyakazi mmoja, baba wa watoto watano, mkononi ameshika hati yake ya mshahara. Akanionyesha kwa kidole mahali ilipoandikwa ada ya chama cha wafanyakazi, iliyokatwa mwezi baada ya mwezi. Kisha akasema kwamba mshahara wenyewe ulikuwa umechelewa miezi miwili, na alipokwenda kwa kiongozi wa tawi lake aliambiwa avute subira, kwa kuwa uchaguzi u karibu na haifai kuiaibisha serikali. Akanitazama, akasema, “Baba, chama ninacho, ila mtetezi sina.”

Neno hilo halijaniacha. Kijikaratasi hiki kinajaribu kulijibu. Ili kulijibu hatuna budi kurudi nyuma kidogo, maana ugonjwa huu haukuanza jana.

MTETEZI ALIVYOFUNGWA MDOMO

Wafanyakazi wa nchi hii walijifunza umoja kabla ya kuwa na bendera yao. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo wao ukaenea kufuata njia ya reli hadi bara. Oktoba 1955 vyama vya kazi viliungana katika shirikisho la TFL, Rashidi Kawawa akiwa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Wakata mkonge wa Mazinde waligoma mwaka 1958, na watu wa reli mwaka 1960. TFL na TANU walikuwa kama ndugu wawili wanaolima shamba moja: mmoja alidai uhuru, mwingine alidai ujira, na mkoloni aliwaogopa wote wawili.

Uhuru ulipopatikana, ndugu mmoja alihamia Ikulu, naye akaanza kuiona sauti ya mwenzake kuwa kelele. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria ya migogoro ya kazi iliyoufanya mgomo halali kuwa jambo lisilowezekana. Waziri Mkuu wa wakati huo alikuwa Kawawa mwenyewe, yeye aliyewahi kuwaongoza wafanyakazi! Hatusemi hivi ili kumdharau marehemu, aliyeitumikia nchi kwa uaminifu mkubwa. Twasema ili ionekane kwamba kiti hubadili masikio ya mtu, hata mtu mwema.

Januari 1963 Rais wa TFL, Victor Mkello, ambaye pia aliongoza wafanyakazi wa mashamba makubwa, alihamishwa kwa amri ya serikali akawekwa Sumbawanga, mbali na watu wake wa mkonge. Barabara ya kwenda Sumbawanga huanzia hapa Tunduma. Tuipitapo tukumbuke kwamba wakati mmoja ilikuwa njia ya kumnyamazisha mtetezi wa vibarua.

Mwaka uliofuata, baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama vya kazi walitiwa kizuizini, TFL ikavunjwa, na mahali pake ikaundwa kwa sheria NUTA, chama kimoja tu, kilichofungamanishwa na TANU. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais wa nchi. Aliyeteuliwa, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi. Mtu mmoja akawa mdai na mdaiwa! Ikiwa mlinzi wa zizi ameajiriwa na fisi, mbuzi ana faida gani ya kulia usiku?

SABABU ZAO NA HASARA YETU

Haki hutudai tuwasikilize pia waliofanya hivyo. Walisema kwamba nchi ni changa na maskini, kwamba wenye mshahara ni wachache sana kuliko wakulima, na kwamba si haki wachache hao wajipatie zaidi kwa mgongo wa wengi wa vijijini. Hoja hii ilikuwa na uzito. Tena, mwaka uleule wa 1964 ulianzishwa Mfuko wa Akiba wa Taifa kwa ajili ya uzee wa mfanyakazi, na hilo lilikuwa jema.

Lakini je, mkulima alinufaika mfanyakazi alipofungwa mdomo? La hasha! Wakulima nao walipoteza sauti yao, pale vyama vyao vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976. Mkulima wa kahawa wa Mbozi na karani wa Mbeya walijikuta katika boma moja la ukimya.

Mambo ya uchumi yalipoharibika ndipo hasara ilipoonekana. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi kuwa wababe na wenye dharau kwa watu, na wafanyakazi wakayachukua maneno hayo kuwa ya kweli. Waligoma hapa na pale kupinga mameneja wenye kiburi, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mipira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikishika kiwanda wakakiendesha wenyewe. Baada ya muda mfupi serikali iliwageukia waliofuata mfano huo, na wengi walifukuzwa kazi.

Kisha ukaja ukame na bei kubwa ya mafuta, ikavunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Mshahara wa mwezi ukawa haumalizi wiki mbili, na sukari na sabuni vikawa vitu vya kupanga foleni. Chama cha wafanyakazi kilikuwa wapi? Kilikuwa kimebadilishwa jina na kuitwa JUWATA mwaka 1978, kikiwa jumuiya ya Chama Cha Mapinduzi. Mwaka 1986 serikali ilipopatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na baadaye watumishi kwa maelfu wakapunguzwa kazini, mfanyakazi hakuwa na chombo chake mwenyewe cha kukaa mezani na kusema: hili twalikubali, hili hatulikubali. Mwaka huohuo wa 1986 polisi waliwapiga risasi na kuwaua wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Kilombero waliokuwa wakidai haki zao. Palipokosekana mdomo wa kusema, yakatumika mawe na risasi.

MAKOSA YA NG'AMBO

Msomaji asidhani kwamba dawa ni chama cha wafanyakazi kukigeuza chama cha siasa. Tuvuke mpaka kwa fikra, hatua chache tu hadi Nakonde. Zambia, shirikisho la ZCTU lilikataa kumezwa na UNIP. Mwaka 1981 mwenyekiti wake, Frederick Chiluba, na wenzake walifukuzwa katika chama na kutiwa kizuizini. Ujasiri huo ulizaa matunda, na mwaka 1991 Chiluba alimshinda Kenneth Kaunda katika uchaguzi. Wafanyakazi wakashangilia kwamba mwenzao amekuwa Rais. Ni kitu gani kilifuata? Chini ya serikali yake migodi ya shaba iliuzwa, maelfu wakapoteza kazi, na chama cha kazi kilipotaka kulia kilikuta machozi yake yamekwisha kukopeshwa Ikulu.

Reli moja, mpaka mmoja, na makosa mawili: kwetu chama cha siasa kilikimeza chama cha wafanyakazi, kwao viongozi wa wafanyakazi waliingia serikalini wakawaacha wenzao nje ya mlango.

Uingereza, iliyotutawala, nayo ina somo lake. Huko vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyokizaa chama cha Labour mwaka 1900. Baada ya vita, serikali ya Labour ya mwaka 1945 iliyafanya makaa ya mawe na reli kuwa mali ya taifa, ikaanzisha matibabu ya bure kwa wote. Hata hivyo mzazi alibaki na uwezo wa kumkatalia mwanawe. Katika majira ya baridi ya 1978 na 1979 serikali ya Labour ilipotaka nyongeza za mishahara zisizidi asilimia 5, wafanyakazi waligoma dhidi ya chama walichokizaa wenyewe. Lakini hapo pia palikuwa na kosa: taka zilirundikana mitaani, na mjini Liverpool wachimba makaburi waligoma, maiti zikakosa kuzikwa. Watu wakachoka, na Mei 1979 wakamchagua Margaret Thatcher, aliyebana vyama hivyo kwa sheria. Wachimba makaa ya mawe waligoma mwaka mzima, kuanzia 1984 hadi 1985, wakarudi kazini mikono mitupu. Mgomo ni silaha ya mwisho. Ukiwaumiza kwanza wagonjwa na wafiwa, humpa mwenye nguvu fimbo ya kukuchapia.

Papa Yohane Paulo II, aliyejua shida hii kutoka kwao Poland, aliandika mwaka 1981 katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu kwamba vyama vya wafanyakazi si vyama vya kugombea madaraka, wala haifai viwe chini ya maamuzi ya vyama vya siasa au vishikamane navyo mno. Vikifanya hivyo, hupoteza kazi yake maalumu, nayo ni kulinda haki za wenye kufanya kazi. Angewaandikia watu wa Tunduma asingehitaji kubadili neno.

LEO JE?

Mtu atasema: Baba, hayo ni ya kale, sheria zimebadilika. Ni kweli. Vyama vingi vya siasa vilirudishwa mwaka 1992, sheria ya vyama vya wafanyakazi ya mwaka 1998 iliruhusu vyama huru, TUCTA ikaundwa, na sheria ya kazi ya mwaka 2004 ikautambua mgomo kuwa haki, baada ya usuluhishi kushindikana. Sheria ni nzuri, lakini mazoea yana mizizi mirefu kuliko sheria. Mei 2010 TUCTA ilipotangaza mgomo wa nchi nzima, Rais Kikwete aliwahutubia wazee wa Dar es Salaam, akasema kwamba kama kura za wafanyakazi zinategemea kima cha chini cha shilingi 315,000, basi yuko tayari kuzikosa. Mgomo haukufanyika. Na kila Mei Mosi tunavaa fulana mpya, tunapita mbele ya jukwaa, kisha tunangoja mgeni rasmi atangaze nyongeza, kana kwamba ujira ni zawadi ya sikukuu.

Tena liko jambo linaloumiza zaidi. Ada hukatwa moja kwa moja kwenye mshahara, na sheria huruhusu chama chenye wanachama wengi kupokea ada hata kwa asiye mwanachama. Kiongozi ambaye fedha humfikia bila yeye kumfikia mwanachama, atamwogopa nani? Hivyo ndivyo mkia unavyonona wakati mwili unakonda.

Kwa wasio na ajira rasmi hali ni ngumu zaidi. Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma, na mojawapo ya madai yao lilikuwa mikataba ya kazi. Kati ya mwaka 2012 na 2015 wafanyakazi wa TAZARA waligoma zaidi ya mara moja wakidai mishahara yao. Na Septemba 2024, mjini Beijing, viongozi wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia kutiwa saini kwa makubaliano ya kuifufua reli hiyo. Twafurahi kwamba reli itafufuliwa. Lakini twauliza: fundi wa njia ya reli wa Tunduma na Mlowo atasemewa na nani, katika mikataba inayoandikwa mbali naye?

TUNALODAI

Kwanza, kiongozi wa chama cha wafanyakazi anayetaka ubunge, udiwani au uteuzi wa serikali, ajiuzulu kwanza. Hakuna awezaye kupiga makasia katika mitumbwi miwili.

Pili, kila tawi lisome hesabu zake hadharani mbele ya wanachama, shilingi kwa shilingi, walau mara moja kwa mwaka.

Tatu, mwajiri yeyote wa mji huu, hasa yule anayekaa viti vya mbele kanisani, ampe dereva, utingo na kibarua wake mkataba wa maandishi. Mtume Yakobo atuonya kwamba ujira uliozuiwa hupiga kelele, na kelele hiyo humfikia Mungu. Haitanyamazishwa na bahasha ya sadaka.

Nne, wafanyakazi wenyewe wahudhurie mikutano. Asiyefika mkutanoni asilalamike kwamba mwingine amemsemea vibaya.

Yule baba wa watoto watano hakuniomba fedha wala sala ya pekee. Aliniomba nimwambie kama ni dhambi kumdai kiongozi wake. Nilimjibu kwamba si dhambi. Kunyamaza huku ukijua, ndiko kunakohitaji kuungamwa. Alikwenda akawaita wenzake kumi na wawili, wakaomba kwa maandishi mkutano wa tawi. Wanangoja jibu. Nasi tungoje pamoja nao, lakini tusingoje tumekaa.