Tuwape Mabinti Zetu Jukwaa Karibu na Nyumbani

Ndugu zangu na wazee wetu wa Handeni na Korogwe, nawaandikia kuhusu mabinti wanaopenda kuigiza. Mnawajua. Yuko yule wa Kwamsisi anayeiga sauti ya mwalimu mkuu mpaka darasa zima linaangua kicheko. Yuko yule wa Mombo anayetazama tamthilia ya Huba kwa jirani, kisha jioni anawaigizia wadogo zake sehemu nzima bila kuruka neno. Tunawasifu kidogo, halafu tunawaambia waache mchezo wakateke maji. Ombi langu ni kwamba tuwape jukwaa, tena hapa hapa kwetu, mbele ya macho yetu.

Yatazameni maisha ya mwigizaji Lupita Nyong'o. Alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983, wakati baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, akifundisha chuoni huko. Wazazi walimpa jina la Kimexico, wakarudi naye Kenya kabla hajatimiza mwaka. Alipofika miaka 16 walimpeleka tena Mexico, katika mji wa Taxco, akakaa miezi saba akijifunza Kihispania. Mpaka leo anajitambulisha kuwa ni Mkenya na ni Mmexico pia.

Jukwaa lake la kwanza la maana lilikuwa Nairobi. Alikuwa na miaka 14 tu kikundi cha Phoenix Players kilipompa nafasi ya Juliet katika tamthilia ya Shakespeare. Baadaye, filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa nchini Kenya, alifanya kazi ya kutumwa huku na kule nyuma ya kamera. Mwaka 2009 aliigiza katika Shuga, tamthilia iliyowaonya vijana juu ya Virusi vya Ukimwi. Mwaka huohuo akatoa filamu yake mwenyewe, In My Genes, juu ya maisha ya watu wenye ualbino nchini Kenya. Alisomea uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, akahitimu mwaka 2012. Filamu ya 12 Years a Slave ilitoka mwaka 2013, na Machi 2014 akatwaa tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Patsey, mwanamke mtumwa katika shamba la pamba.

Kati ya Juliet na Oscar ilipita zaidi ya miaka 15. Katika miaka hiyo alikuwepo mtu wa kumpa nafasi, mtu wa kumlipia ada, na mtu wa kumwambia rudia tena. Familia yake ilikuwa na uwezo. Binti wa Sindeni au Magoma hana baba profesa, wala nauli ya kwenda Taxco. Kile ambacho Lupita alipewa na wazazi wake, mabinti zetu hawana budi kupewa na jamii nzima.

Najua hofu iliyopo: kwamba uigizaji ni uhuni. Tukumbuke basi kwamba Mzee Rashidi Kawawa, kabla hajawa Waziri Mkuu wetu, aliigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu miaka ya 1950. Profesa Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliigiza katika Maangamizi ya mwaka 2001, filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kushindania Oscar. Kipaji hakikuwavunjia heshima hawa.

Hata hivyo, hofu ya wazazi ina msingi, na tusiifiche. Mwaka 2017 Lupita mwenyewe aliandika katika gazeti la New York Times jinsi Harvey Weinstein, mtayarishaji mkubwa wa filamu, alivyomsumbua kingono alipokuwa bado mwanafunzi. Kama hayo yalimpata mwanafunzi wa Yale, binti anayepanda basi pale Segera kwenda Dar es Salaam kumtafuta mtu aliyemwahidi nafasi ya kuigiza yuko hatarini zaidi. Kumkataza kuigiza hakumlindi, maana ataondoka kwa siri. Atalindwa akijifunzia nyumbani, mwalimu wake akijulikana, na akifahamu kwamba rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Aijue namba ya TAKUKURU, 113, na aliye mtoto aijue namba 116 ya kuwasaidia watoto.

Tufanye nini basi?

Walimu, anzeni na mlichonacho. Mwaka 1996 wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Profesa Penina Mlama, walianzisha mpango wa Tuseme. Wasichana wa sekondari walitaja wenyewe matatizo yanayowakwamisha shuleni, wakayachambua, wakayatungia maigizo na nyimbo, kisha wakayaonesha mbele ya walimu na wazazi. Kazi hiyo haihitaji kamera. Inahitaji darasa moja, saa moja kwa wiki, na mwalimu mwenye subira.

Wenye vibanda umiza, toeni alasiri moja kwa mwezi mabinti waoneshe kazi zao. Mafundi wa video za harusi, wafundisheni kushika kamera na kuhariri picha, mzazi au mwalimu akiwepo. Wazee mnaozijua ngoma za selo na mdumange, wafundisheni, maana mwigizaji anayejua ngoma za kwao ana hazina ambayo haiuzwi dukani.

Waheshimiwa madiwani wa halmashauri zetu nne, za miji na za wilaya, asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo isiyo na riba kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana wanaotengeneza filamu kinastahili kusikilizwa sawa na kikundi cha bodaboda.

Hadithi za kusimulia hazitatuishia. Tuna maisha ya vibarua wa mkonge, tuna maji ya mradi wa HTM yanayovutwa kutoka Mto Pangani kwenda Handeni, tuna wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito na wanaotaka kurudi shule. Lupita aligeuza kamera kuwatazama watu wenye ualbino wa nchi yake miaka kadhaa kabla dunia haijamjua. Na wa kwetu wana mengi ya kuonesha.

Wiki hii, mzazi, muulize binti yako angependa kuigiza nini, umsikilize mpaka amalize. Mwalimu, panga siku. Kisha nendeni pamoja kwa afisa utamaduni wa halmashauri yenu, mkaulize kikundi kinasajiliwaje. Kati ya Handeni na Korogwe ni kilomita 65 tu za lami. Kikundi cha upande mmoja kitaweza kwenda kuigiza upande wa pili na kurudi siku hiyohiyo, na sisi tuwe pale kuwapigia makofi.