Uhuru wa Kuabudu, Lakini Ufunguo ni wa Mdosi

Chuo niliacha, kusoma sijaacha. Basi leo tuongee kuhusu Polandi ya miaka ya 1500.

Tarehe 28 Januari 1573, makabaila walikutana Warsaw wakaapa kwamba hawatamwaga damu kwa sababu ya dini. Miezi mitano tu kabla ya hapo, Waprotestanti kwa maelfu walikuwa wamechinjwa Paris na miji mingine ya Ufaransa. Kwa hivyo ndio, hiyo ilikuwa kitu kubwa na siidharau. Lakini wasee, uhuru huo ulikuwa wa nani?

Skiza vile mambo yalikuwa yanaenda. Kijiji kilikuwa cha kabaila. Mara nyingi yeye ndiye pia alikuwa na haki ya kuchagua nani aletwe kuwa padri wa parokia, kwa sababu babu zake ndio walijenga kanisa na kulitengea shamba. Sasa huyo kabaila akigeuka Mkalvini, unadhani nini kinafuata? Padri anaonyeshwa mlango, sanamu zinatolewa, mhubiri mpya anaingia. Mkulima, ambaye hata kuhama kijiji bila ruhusa ya bwana hawezi, anafika Jumapili anapata kanisa alikobatizwa si lile tena. Hakuna mtu alimuuliza.

Cheki Pińczów. Mwaka wa 1550, mwenye mji, Mikołaj Oleśnicki, aliwafukuza watawa na kanisa lao likawa la Waprotestanti. Wasomi wakaja, mji ukapata jina. Kisha 1586 askofu wa Kraków, Piotr Myszkowski, akaununua mji wenyewe, na kanisa likarudi kwa Wakatoliki. Yaani dini ya mji ilibadilika pamoja na hati ya shamba.

Ama kina Radziwiłł. Baba, aliyeitwa Mikołaj Mweusi, ndiye alilipia Biblia ya Kipolandi iliyochapishwa Brest mwaka wa 1563. Akafa 1565. Wanawe wote wanne wakaishia Ukatoliki, na mmoja, Jerzy, akawa kardinali kabisa!

Watu hushangaa kwa nini Uprotestanti ulififia Polandi haraka hivyo. Mimi naona sababu kubwa iko hapa: uliingia kwa mlango wa bwana, ukatoka na watoto wa bwana. Wakulima wengi hawakuwahi kuufanya wao, kwa hivyo hakukuwa na watu wa kuushikilia.

Najua mtu ataniambia afadhali hivyo kuliko vita. Sawa, nakubali. Lakini hata ule mkataba wa 1573 uliacha mamlaka ya bwana juu ya watu wake vile yalikuwa. Hiyo ni amani ya wadosi kwa wadosi. Ukisikia mahali kuna uhuru wa dini, usisome sheria peke yake, uliza pia ufunguo wa kanisa unalala kwa nani.

Nyinyi mnaonaje? Amani ya aina hiyo inatosha?