Mkate wa bibi
Jumamosi jioni nilimkuta binti yangu amepalia makaa juu ya mfuniko wa sufuria, anamwokea bibi yake mkate wa kakao ya Kyela. Hauna hamira. Soda ya kupikia ikikutana na mtindi, povu huanza papo hapo, ndiyo maana alikoroga mara chache tu akauwahisha motoni. Makaa mengi juu, machache chini, usije ukaungua kitako. Mkono mtupu haulambwi, tunasema, na mimi nauthamini zaidi mkono uliojaa unga. Keki ya dukani huokwa kwa ajili ya yeyote mwenye hela. Huu ulipunguzwa sukari kwa sababu ya mtu mmoja. Bibi alikula vipande viwili, cha tatu akakifunga kwenye pindo la khanga.