Kibali kimefika, paa halipo

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Barua yako ya Juni 9 nimeipokea na nakushukuru. Inaniruhusu kukarabati paa la nyumba yetu ya Kiponda, Mji Mkongwe, kwa sharti nitumie chokaa na boriti za mikoko, nisitie saruji. Sharti nimelikubali. Ila paa lenyewe halipo. Lilianguka usiku mmoja wa Aprili, katikati ya masika, likapita na dari ya ghorofa ya pili, likatua ukumbini na vyombo vya watu.

Ombi nililileta Novemba. Nimekuja dirishani kwenu mara kumi na moja, na kila nikija jibu ni lile lile: faili liko mezani kwa mkubwa. Natamani siku moja niione meza hiyo. Bila shaka ni ya mvule, maana imebeba uzito kuliko boriti zetu.

Mama yangu ana miaka 78. Kiponda aliingia bibi arusi. Kila asubuhi alikuwa akishusha kikapu kwa kamba kutoka dirisha la juu. Muuza mkate wa mofa akatia mikate miwili, akachukua pesa yake, akaivuta kamba mara mbili. Kikapu kikipanda, na habari zimepanda: nani kafiwa, nani kajifungua, nani karudi kutoka Maskati. Leo mama yuko Fuoni, chumba cha kupanga, dirisha linatazama ukuta wa jirani.

Fundi aliniambia mapema, "Tia saruji usiku, nani atajua?" Nikakataa. Marehemu baba alitufundisha kwamba ukuta wa mawe ya matumbawe unapumua kwa chokaa. Ukiubandika saruji, unyevu na chumvi havina pa kutokea. Nje unang'aa, ndani unamomonyoka. Hata chumba chetu kuwa chembamba na kirefu ni kwa sababu upana wake ni boriti moja, na mkoko hauongezwi urefu kwa amri ya mtu. Basi nikangoja kibali. Nimefuata sheria, na mama yuko Fuoni.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu sasa ni hoteli. Saruji yake iliingia mchana kweupe, mifuko migongoni mwa mahamali, na sikuona faili lolote likilala mezani. Labda meza yao ni nyingine.

Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, upande wake uliporomoka Desemba 25, 2020, watu wawili wakafa. Nilidhani baada ya siku ile hapatakuwa na afisa atakayeliacha ombi la paa likipigwa mvua. Tangu mwaka 2000 Mji Mkongwe ni urithi wa dunia, mnatukumbusha kila hotuba. Dunia inakuja, inapiga picha mlango wetu wa nakshi, inakwenda zake. Anayelala nyuma ya mlango huo hamumuulizi hata kama kumekauka. Mnahifadhi milango.

Karani wako ameniongezea jambo: kwa kuwa paa halipo, kibali cha ukarabati hakifai tena, nilete ombi jipya la ujenzi. Nirudi dirishani, nihesabu tena hadi kumi na moja! Hilo sitalifanya. Nataka ombi lile lile lihesabiwe, kibali kitoke kabla ya vuli, na maombi yote ya mapaa yaliyolala kwenu yajibiwe kabla masika mengine hayajaingia. Fidia siiombi, naijua safari yake.

Kikapu kilisalimika. Kinaning'inia msumarini Fuoni, kamba imekunjwa. Juzi mama aliniuliza kama yule wa mofa bado anasimama pale chini ya dirisha, na kama kuna aliyemwambia asisimame. Nimepita. Bado anasimama.

Wako,
Mpangaji wa Fuoni, mwenye nyumba Kiponda