Sayansi Nayo Ina Kiswahili Chake



Kila muhula husikika hoja ileile: Kiswahili ni cha salamu, nyimbo na mapishi, sayansi tuiachie shule ya Jumatatu hadi Ijumaa. Mimi sikubaliani nayo. Tunapenda kusema mwacha asili ni mtumwa, lakini asili isiyojibu maswali ya mtoto huachwa.

Tuchukue mfano wa hapahapa Sydney. Pale Westmead, katika Children's Medical Research Institute, Profesa Patrick Tam amechunguza kwa miaka mingi jinsi kiinitete cha panya kinavyojijenga hadi kupata kichwa na kiwiliwili. Je, hayo hayasemeki kwa Kiswahili? Yanasemeka. Karibu kila seli ya mwili hubeba jeni zilezile, kama mafundi wote wa jengo moja wanavyoshika ramani moja. Tofauti ni jeni zipi zimewashwa, wapi na lini. Ndiyo maana seli ya jicho si seli ya ini.

Mfano mwingine unatoka kwetu. Silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka tangu zama za dinosaria, alivuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua kwa jina la gombessa, na wa Tanga pia wamemnasa nyavuni. Mwaka 2009 Tanzania ikamtengea hifadhi ya bahari huko Tanga. Mwaka 2013 wanasayansi walichapisha jenomu yake. Walichukua kipande cha DNA yake ambacho kazi yake ni kuwasha jeni, wakakitia katika kiinitete cha panya. Swichi hiyo ya samaki ikafanya kazi palepale miguu inapochipuka!

Utafiti huo pia ulionyesha kwamba ndugu wa karibu zaidi wa wanyama wa miguu minne si silikanti, bali samaki wenye mapafu. Hao ni jamaa ya kamongo wa Ziwa Victoria, na pia samaki wa mito ya Burnett na Mary kule Queensland. Watoto wetu wana habari hii pande zote mbili za bahari.

Wengine watasema hatuna istilahi. Tunazo: kiinitete, pezi, uti wa mgongo, kurithi. Shule za msingi za serikali Tanzania hufundisha sayansi kwa Kiswahili.

Napendekeza muhula ujao tuwe na somo moja la sayansi kila mwezi, na safari moja ya kwenda Australian Museum, ambako kiingilio cha kawaida ni bure, watoto wakaeleze mifupa kwa Kiswahili. Wazazi wauguzi, wafanyakazi wa maabara na waliokulia pwani au ziwani, jitokezeni mwone walimu Jumamosi hii. Msiogope kukosa neno. Tutalitafuta pamoja na watoto.